Dawati la sheria la Ukunda: nenda na barua zako zote

Wanaouliza kama dawati la msaada wa sheria hapa Ukunda linafaa, jibu langu ni ndiyo, hasa kwa aliyeajiriwa kwa barua. Ni huduma ya bure ya wasaidizi wa sheria, Jumamosi asubuhi, ndani ya ukumbi wa mtaa. Hawana kibao mlangoni, lakini ukiuliza wauza maji hapo nje watakuonyesha. Mimi nililijua mwaka 2020, na majuzi nimerudi na binti ya dada yangu, kwa hivyo nimeliona wakati wa dhiki na wakati wa kawaida.

Mwaka huo nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa tarehe 25, na kafyu ikaanza tarehe 27. Wageni waliondoka wote. Tukaitwa kantini, tukapewa fomu ya ukurasa mmoja ya likizo bila malipo, imeandikwa kana kwamba sisi ndio tulioiomba, bila tarehe ya kurudi. Meneja akasema asiyetia saini ajihesabu hana kazi. Tulitia saini karibu sote. Nani angekataa, na kodi ya nyumba inangoja?

Kwenda Mombasa kutafuta wakili haikuwezekana. Kuanzia tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na sisi tuko upande wa Kwale, ng'ambo hii ya kivuko cha Likoni. Ndipo jirani akanielekeza kwenye dawati hili.

Kilichonipendeza mara moja ni jinsi wanavyosikiliza. Mama aliyenihudumia hakuanza kwa kuniuliza nani mbaya. Aliomba barua ya ajira, hati za mshahara na ile fomu, akazipanga kwa tarehe mezani, akazisoma zote kabla ya kusema lolote. Barua zetu ni za Kiingereza. Alinisomea ya ajira kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, polepole, mpaka nikaielewa. Nilikuwa nimeiweka kabatini miaka yote bila kuijua.

Alinieleza kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 haimpi mwajiri ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani bila mshahara kwa uamuzi wake peke yake. Masharti ya kazi yakibadilika, kifungu cha 10 kinataka mfanyakazi ashauriwe na aarifiwe kwa maandishi. Likizo bila malipo inaweza kukubaliwa na pande zote mbili, na wengi mwaka ule waliikubali kwa hiari ili kuokoa kazi zao, lakini saini iliyopatikana kwa kitisho inaweza kupingwa. Tena nilikuwa na siku za likizo ya mwaka ambazo sikuzitumia. Hizo ni siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka kwa mshahara kamili, na korona haikuzifuta.

Hakunidanganya kwamba hoteli ina pesa. Alisema wazi kuwa mwajiri asiye na wageni anaweza kupunguza wafanyakazi, na sheria inamruhusu, mradi afuate njia ya kifungu cha 40. Atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kama si mwanachama, na kwa vyovyote amwarifu afisa wa leba. Achague watu kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu wao, si kwa chuki. Alipe siku za likizo zilizobaki, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Alichukua kalamu akanipigia mfano: mshahara wa 18,000 ukigawanywa kwa siku 30 ni 600 kwa siku; miaka 8 ni siku 120, yaani shilingi 72,000. Kuona hesabu ile kwenye karatasi kulinipa nguvu kuliko maneno yote ya kunipa pole niliyokwisha kuyasikia.

Na hapa ndipo walipowasaidia wenzangu wengi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kwa kuwa tunachangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hatudai chochote. Si kweli. NSSF inamwondolea mwajiri malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, yaani yale ya miaka uliyotumika mkataba unapokatishwa kwa notisi. Malipo ya kuachishwa unapopunguzwa kazini, yale ya kifungu cha 40, ni mengine kabisa, na yanadaiwa hata kama umechangia. Nimekutana na watu walioondoka mikono mitupu mwaka ule kwa sababu hawakuijua tofauti hii, na bado inaniuma.

Waliniandikia barua ya adabu, isiyo na matusi wala vitisho, wakaomba siku zangu za likizo zilipwe na hali yangu ya kazi ielezwe kwa maandishi. Siku za likizo zililipwa. Barua ya kupunguzwa ilikuja baadaye, ikiwa na notisi, na pesa za miaka yangu nikazipata kwa awamu mbili. Nilipata pia cheti cha utumishi, ambacho nacho ni haki, na ndicho kilichonipatia kazi niliyo nayo sasa.

Palipo na upungufu ni kwenye afya kazini. Mwenzangu aliyebaki kufanya usafi alikuwa akikatwa bei ya barakoa kwenye mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, na dawati lilimwambia hivyo, lakini halikumwandikia barua. Lilimwelekeza kwa wakaguzi wa usalama na afya kazini, akaachwa atafute njia mwenyewe katikati ya kafyu. Pale nilitarajia zaidi. Mtu anayevuta shuka za mgeni mwenye homa anahitaji glavu leo, si baada ya mwezi.

Jambo jingine ni faragha. Meza zimekaribiana, na nilisikia mambo ya ndani ya dada aliyekaa nyuma yangu ambayo sikupaswa kuyasikia. Pazia moja lingetosha. Pia beba pesa kidogo za fotokopi, maana mashine hawana.

Safari hii ya majuzi tulikwenda kwa ajili ya mpwa wangu, anayefanya kazi jikoni kwenye mkahawa. Aliugua, daktari akampumzisha, mwajiri akamkata siku zote. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari. Wasaidizi walimpigia simu mwajiri mbele yetu, kwa heshima, wakamtajia kifungu. Mwisho wa mwezi alilipwa.

Nawapa nyota nne. Vibarua ndio wanaohudumiwa kwa shida kuliko wote, kwa kuwa hawana barua na dawati hutegemea karatasi. Lakini msikate tamaa, kifungu cha 37 kinamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi. Mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa kila mwezi. Nenda na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, picha yako ukiwa na sare, na jina la msimamizi. Fika kabla ya saa tatu, na kama kazi uliipoteza zamani usichelewe zaidi, kwa sababu dai la ajira lina miaka 3 tu ya kupelekwa mahakamani.