Kozi ya tanga na viumbe vya ziwa, Kisumu: walimu hodari, ratiba kinyume na upepo

Anayetarajia skuna ya milingoti miwili hataiona hapa. Chombo ni mashua ya mbao ya huku huku ziwani: mlingoti mmoja, tanga la pembetatu kwenye foromali, yaani boriti inayobeba tanga, na injini ndogo tezini, nyuma ya mashua, ambayo waandaaji wanaiita ya dharura. Kozi ni ya siku tano, wanafunzi wanane kwa safari.

Upande wa ubaharia hatuna neno. Manahodha wanajua kwamba tanga la aina hii halipitishwi kwenye upepo kwa omo, yaani kwa sehemu ya mbele ya mashua. Unaipa mashua upepo wa tezini, unalegeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga, foromali inasimamishwa hadi karibu iwe wima, inapitishwa mbele ya mlingoti, ndipo demani inavutwa upande wa pili. Wengi hukosea kwenye demani: wakichelewa kuilegeza, tanga hujaa upande usiofaa, likabanwa kwenye mlingoti na mashua ikalala. Hapa wanafunzi wanarudia zoezi hilo mpaka mikono izoee. Tena wanakatazwa kuzungusha demani mkononi au kuifunga fundo. Inapigwa mzunguko mmoja kwenye kigingi, mtu anashika ncha, na upepo wa ghafla ukija anaiachia.

Kasoro ni ratiba. Asubuhi ni mafundo ya kamba ufuoni. Kutoka ziwani ni saa nane mchana. Mvuvi yeyote wa ghuba hii angecheka. Alfajiri upepo wa nchi kavu hukusukuma nje kuelekea magharibi, na mchana upepo wa ziwa hukurudisha Kisumu. Ukitoka saa nane unakabili mbisho, yaani upepo wa mbele, ndiyo maana hiyo injini ya dharura hunguruma karibu kila siku.

Sampuli nazo zinaumia. Sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, ile ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, inataka maji matulivu, kivuli cha mashua na jua lililo juu. Unaishusha hadi ipotee, unaipandisha hadi ionekane tena, unachukua wastani wa vina hivyo viwili. Mawimbi ya alasiri yanaivuta mashua, kamba inalala mshazari, na kina unachosoma kinazidi kile cha kweli. Mbaya zaidi, kamba yao ina alama kila nusu mita. Karibu na Kisumu sahani mara nyingi hupotea kabla ya mita moja! Kwa alama hizo huwezi kutofautisha siku ya kawaida na siku Mto Nyando ulipomwaga tope. Beba kamba yako, iloweshe kwanza, kisha itie alama kila sentimita 5.

Wavu wa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, ni mzuri, mdomo wa sentimita 30. Ukiuvuta mita 10 unachuja takriban lita 700, mradi usizibe. Katika maji ya kijani huziba upesi sana, maji yakaanza kurudi mdomoni, na hesabu yote ikawa bure. Vuta masafa mafupi, suuza, rudia. Sampuli ya mwani inawekwa matone ya ayodini ya Lugol hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Ikikolea, huoni kitu kwenye hadubini. Mwalimu anaeleza hili vizuri, na vijumba vya Microcystis, aina ya mwani wa bluu-kijani, anavionyesha kwa subira.

Kipimo cha oksijeni kiangaliwe kabla ya kuaminiwa. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni yana takriban miligramu 7.2 kwa lita, wala si 8.3 kama pwani. Mwanafunzi anayetumia jedwali la usawa wa bahari ataandika kwamba ziwa limepungukiwa hata pale lisipopungukiwa. Tofauti halisi itafutwe chini ya gugumaji, ambako oksijeni hushuka na kuwaachia nafasi kamongo na mumi wanaoweza kuvuta hewa juu.

Hilo hilo gugumaji husukumwa na upepo wa alasiri hadi ufuoni. Likiziba njia, injini izimwe na kuinuliwa kabla rafadha haijasokotwa na mizizi, kisha mashua isukumwe kwa pondo. Pondo lilikuwemo, moja tu.

Jaketi za kuokoa maisha zinatosha kwa idadi, ila zote ni za saizi kubwa. Mwanafunzi mwembamba anyanyuliwe mabegani akiwa ameivaa. Ikipanda hadi masikioni, haifai.

Jambo la mwisho ambalo waandaaji wanapaswa kurekebisha kesho asubuhi: kupanda mashua kwa kukanyaga maji kati ya magugu ya ufuoni. Konokono wa kichocho wanakaa papo hapo. Ubao mmoja mrefu kutoka gatini ungetosha. Kundi likijaza nafasi zote nane linaweza kuomba kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ombeni hivyo, na ubao muuombe hapo hapo.