Beti ya alumini niliyouziwa Tabora: wazazi kuweni macho

Jamani wazazi wenye watoto wanaocheza besiboli, kama uko Tabora mjini na unataka kumnunulia mwanao beti ya alumini, yaani lile gongo la kupigia mpira, soma hii kwanza kabla hujatoa hela. Mi yangu nimeshatoa, elfu sitini na tano, na mpaka naandika hapa nina hasira mikono inatetemeka.

Mwanangu yuko darasa la sita, anacheza na timu ya watoto wanaofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa mpira wa miguu huku kwetu Cheyo. Beti walizonazo ni za mbao, wanapokezana, na moja mpini wake umeshapasuka umefungwa solotepu. Amenililia muda mrefu anataka ya alumini, na mtoto akipenda kitu cha maana namna hiyo mzazi unajinyima, ndo nikamchukua siku moja tukaenda duka moja la vifaa vya michezo upande wa Soko Kuu. Jina silitaji.

Beti zimesimamishwa kwenye ndoo pembeni ya kaunta. Nikamsalimia yule kaka vizuri, nikamweleza kwa kinywa changu, kaka yangu, nataka beti ya huyu mtoto, ana miaka kumi na moja, anacheza besiboli ya mashindano, mpira wanaotumia ni ule mgumu wa ngozi. Mtoto kasimama hapo hapo anamuona. Akachomoa moja nyeusi inang'aa, akasema chukua hii mama, aloi orijino ya Marekani, haivunjiki milele. Mtoto akaizungusha akaniambia mama ni nyepesi. Nikalipa, nikapewa risiti imeandikwa "vifaa vya michezo" basi.

Siku ya mazoezi nilienda mwenyewe kumuangalia. Sasa mpira wa besiboli kwa wasioujua, ule sio wa tenisi, katikati kuna kizibo kimefunikwa mpira, juu yake nyuzi zimezungushwa zikakazwa halafu ndo ngozi, uzito wake aunsi tano na kidogo, kama gramu 145 hivi. Mwanangu kapiga michache tu, tena mipira ya kurushiwa polepole, beti ikabonyea ubavuni. Akanitazama, uso umeshabadilika. Kocha anakuja kuiangalia, kabla hajafika mtoto kapiga mwingine, kile kifuniko cha plastiki cha kichwani pa beti kikachomoka kikaruka kikapita karibu kabisa na sikio la mtoto wa mwenzangu aliyekuwa anasubiri zamu. Nilipiga kelele uwanja mzima ukageuka. Kingempata jicho je? Ningemwambia nini mama yake?

Kocha akaishika akaniambia mama, hii si ya mchezo, hizi ndo wanazonunua watu wa magari na walinzi kuweka chini ya siti. Akanionyesha kwamba haina mhuri wowote. Beti ya watoto ya kweli, hasa zile za Marekani, huwa na alama ya USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, karibu na mpini, na Little League, wale wa ligi za watoto, walianza kuidai kuanzia Januari 2018, maana yake beti imepimwa na haitupi mpira kwa kasi ya kupitiliza. Halafu alumini yenyewe. Nilidhani alumini ni alumini. Kumbe ile ya beti inachanganywa na zinki, magnesi na shaba kidogo ndo inapata ugumu, ndo maana ukuta wake unaweza kuwa mwembamba na mtoto akaweza kuizungusha bila beti kubonyea hovyo. Hii niliyouziwa ni laini kama sufuria ya kupikia wali. Wepesi aliousifia mtoto ulikuwa wepesi wa kitu kisichokuwa na kitu.

Basi nikarudi dukani, mtoto yupo nami, risiti mkononi. Sikwenda kugombana, nilitaka anibadilishie au anirudishie hela tu. Yule yule kaka, mbele ya wateja, bila hata kunyanyua macho kwenye simu: "Mama, hilo rungu la ulinzi, wewe umempa mtoto apigie mpira ulitegemea nini?" Nikamwambia lakini mimi nilikueleza. Akasema hakumbuki, na bidhaa ikishatoka hairudi, angalia pale ukutani tumeandika. Nikamwambia basi nitaenda mbele zaidi, kuna Tume ya Ushindani, wale wanaotetea wanunuzi. Ndo akamgeukia mwanangu, MWANANGU, akamwambia "we dogo nenda kacheze rede na dada zako, besiboli ni mchezo wa wazungu." Watu wakacheka. Mtoto akainamisha kichwa.

Wa wazungu? Pale Azania sekondari Dar kuna uwanja wa besiboli, Wajapani walisaidia kuujenga, na watoto wanaocheza pale ni wa hapa hapa Tanzania. We muuza ndoo ya marungu unamwambia mtoto mchezo si wake?

Nilivyotoka nilikuwa nimeapa sigusi tena kitu cha alumini na nilitaka niandike humu kwamba beti za alumini ni takataka nunueni mbao. Lakini nisiseme uongo kwa sababu ya hasira. Kocha alimwazima mwanangu beti ya alumini ya mtumba, imechubuka rangi yote, ila mhuri unaonekana, na jamani ile sauti yake tu, kling, mpira unaenda mpaka kwenye miembe kule mwisho. Mtoto aliruka. Kwa hiyo narudisha maneno, kwa mtoto anayeanza alumini ndo yenyewe: mbao ukipiga vibaya inakatika na hapa Tabora utapata wapi nyingine, na zile za kompoziti, za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ni ghali na nyingi lazima zizoeshwe kwanza kwa mipira kibao ndo ziamke, wakati alumini unaitoa kwenye nailoni unapiga. Kibaya chake ukigonga karibu na mpini inauma mikononi, mwanangu kalalamika, lakini anaendelea.

Na saizi msikubali kuchaguliwa na muuzaji. Mtoto aweke kitako cha mpini katikati ya kifua, beti ielekee mbele, anyooshe mkono, vidole vifike kichwani pa beti. Halafu aishike kwa mkono mmoja, ainyooshe pembeni kama nusu dakika hivi, mkono ukishuka ni nzito kwake. Wenyewe wanahesabu dropu, yaani urefu kwa inchi toa uzito kwa aunsi, kwa hiyo inchi 28 yenye aunsi 18 ni dropu 10, na kocha kasema mwanangu anafaa hapo. Za mtumba kutoka Japani nazo angalieni, zenye alama ya JSBB ni za mpira wa raba, msizipigie mpira wa ngozi.

Sasa lile duka. Nilitaka niwape nyota mbili, kwa sababu glovu tuliyonunua kwao mwanzoni mwa mwaka ni nzuri mpaka leo, na kuna binti msaidizi alinifuata nje akaniomba samahani kwa sauti ya chini, Mungu ambariki, yeye hana kosa. Pengine mwenye duka mwenyewe hajui kijana wake anavyoongea na watu. Pengine. Ila kila nikikumbuka mtoto alivyoinamisha kichwa mbele ya watu wanaocheka, na kile kifuniko kingemtoboa mtoto jicho halafu mtu anachati, hapana. Sitoi mbili. Moja, na hiyo moja ni ya yule binti.

Beti iliyobonyea ninayo, risiti ninayo. Mwenye kuja Tabora kutoka Dar akiona inchi 28 dropu 10 yenye mhuri, hata ya mtumba, aniandikie hapa chini, hela ya basi nitatuma.