Feni ya maji katika nyumba za Tabora: inapofaa na inapoumiza

Ikikaribia Septemba, maduka ya vifaa vya umeme Tabora mjini huzitoa feni za maji na kuzipanga mlangoni. Boksi linaahidi mambo mawili, baridi kama ya kiyoyozi na umeme kidogo. La umeme ni kweli. La baridi linategemea mwezi, dirisha na bati lililo juu ya kichwa chako, na hayo boksi halisemi.

Nianze na hukumu. Kwa Tabora, kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza za Novemba, feni ya maji yenye sega nene (karatasi ya matundu inayoloweshwa maji nyuma ya feni) ni kifaa kizuri, hasa kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Kwa Kigoma, na zaidi kwa nyumba za Ujiji na Kibirizi zinazopata hewa ya ziwani, usiinunue. Weka pangaboi, na hela itakayobaki ipeleke kwenye dari.

Inafanya kazi ileile ya mtungi wa udongo: maji yanapokauka yanaondoka na joto. Pampu ndogo ndani ya tangi inapandisha maji juu, yanachuruzika kwenye lile sega lililo nyuma ya feni, na feni inavuta hewa kavu kupitia humo. Lita moja ya maji ikikauka yote inabeba joto la takriban uniti 0.67 za umeme. Kwa hiyo feni inayomaliza lita moja kwa saa inaondoa joto kwa nguvu ya wati 670 hivi, huku yenyewe ikila wati 70 au 80 tu. Hapo ndipo unafuu wake unapotoka.

Lakini kuna kikomo, nacho kinawekwa na unyevu uliopo hewani tayari. Alasiri ya Oktoba Tabora, hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 30, hata feni bora kiasi gani haiwezi kushuka chini ya nyuzi 19 au 20. Sega la unene wa sentimita 5 au zaidi huifikisha hewa robo tatu ya njia hiyo, hivyo inayokutoka usoni inakuwa nyuzi 22 au 23. Sega jembamba la wavu, lile la feni nyingi za bei ya chini, hufika nusu tu: nyuzi 26. Ukiziangalia kwa mbele, feni hizo mbili zinafanana kabisa. Zigeuze, ufungue kifuniko cha nyuma.

Sasa chukua Februari, mvua imenyesha, hewa nyuzi 27 na unyevu asilimia 75. Kikomo kinapanda hadi kama nyuzi 23. Feni nzuri itakupa 24 na zaidi kidogo, tena hewa yenyewe mbichi. Shuka zinakuwa na unyevunyevu, makabati yanaota ukungu, jasho halikauki. Kipindi hicho zima pampu, uitumie kama feni ya kawaida. Kigoma karibu na ziwa hali hiyo ya unyevu ndiyo ya sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana nimesema hapana.

Kosa la kwanza la watumiaji wengi ni kufunga madirisha. Wanaifananisha na kiyoyozi, ambacho kinazungusha hewa ileile ya ndani. Feni ya maji ikifungiwa chumbani inazungusha hewa inayozidi kulowa kila dakika, na baada ya nusu saa chumba kinakuwa kama jiko lenye sufuria inayochemka. Inatakiwa ivute hewa kavu kutoka nje na ile iliyokwisha kupita itoke upande wa pili. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, weka mgongo wa feni kwenye dirisha au mlango ulio wazi, karibu kabisa, kisha fungua dirisha lingine au mlango unaoelekeana nao. Uwazi wa kutokea uwe angalau mara mbili ya mdomo wa feni. Chumba chenye dirisha moja tu, kama vyumba vingi vya kupanga, acha mlango wa korido wazi na mlango wa uani nao wazi. Ukiona pazia la mlangoni linasukumwa kuelekea nje, umepatia.

Kosa la pili ni barafu. Boksi nyingi huja na vichupa viwili vya kugandisha, na muuzaji atakuambia hapo ndipo siri ilipo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua joto la uniti 0.09 tu, kama moja ya saba ya lile linaloondolewa na lita moja ya maji yanayokauka. Tena maji yakiwa baridi sana yanakauka polepole, na friji iliyogandisha hiyo barafu imemwaga joto lake humohumo ndani. Vichupa hivyo tumia kupozea soda.

Kosa la tatu halina uhusiano na feni, ni la nyumba. Bati jeusi au lenye kutu, jua la saa saba mchana, linapita nyuzi 60. Chumba kisicho na dari kinapokea joto hilo moja kwa moja kichwani, na hakuna feni itakayolishinda. Kwa nyumba kama hiyo pesa ya kwanza ni ya dari, hata ya vibao vyepesi, pamoja na matundu ya kutolea hewa pembeni mwa paa, au rangi nyeupe juu ya bati. Feni ije baadaye. Kuta za matofali ya kuchoma nazo zina tabia yake: zinashiba jua mchana kutwa na kulirudisha ndani jioni. Ndiyo maana saa mbili usiku nje kuna upepo mzuri na ndani mtu anatokwa na jasho.

Hapo kuna namna ya kuitumia ambayo karibu hakuna muuzaji anayeieleza. Tangu saa nane mchana hadi saa tatu usiku, washa feni na pampu. Ikifika saa nne au tano usiku, hewa ya Tabora nje imeshaanza kushuka yenyewe, na alfajiri ya Oktoba hufika karibu nyuzi 20. Zima pampu, acha feni ivute hewa ya dirishani usiku kucha. Chumba kinapoa bila kulowa, tangi halihitaji kujazwa tena, na kuta zinaamka zimepoa. Kwa hiyo usikubali feni ambayo pampu yake haina swichi yake peke yake.

Kwa nini yote haya yana maana kwa afya? Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku, hasa kwa watoto wachanga, wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wenye magonjwa ya kudumu. Kipimajoto kidogo cha ukutani ni rafiki wa feni yoyote. Kiweke usawa wa kitanda, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Shirika hilohilo linasema hewa ikizidi nyuzi 40 feni ya kawaida isitumike, kwa sababu inaupulizia mwili joto badala ya kuupoza.

Mwili unajipoza kwa jasho kukauka. Usiku wa joto moyo unaendelea kusukuma damu kwenye ngozi, usingizi unakatika, na asubuhi mtu anaamka na kichwa kizito, mkojo mchache wa njano iliyokolea, na misuli inayouma. Anayekunywa dawa za presha zinazoongeza mkojo anapoteza maji upesi kuliko wenzake. Mjamzito joto kali linamwongezea hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Nepi kavu kwa saa sita na utosi uliobonyea ni dalili za kumkimbiza kituo cha afya.

Mwenye selimundu (sikoseli) anahitaji maelezo yake. Kukaukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu makali, hivyo chumba chenye joto ni hatari kwake. Baridi ya ghafla kwenye ngozi nayo inaweza kuyaamsha. Basi feni ya maji isielekezwe kwake moja kwa moja. Ielekeze ukutani, hewa imfikie ikiwa imetawanyika. Mwenye pumu naye, sega lililooza au lenye ukungu ni adui yake. Likinuka, lisiwashwe.

Chandarua kibaki. Kinapunguza upepo, ni kweli, na joto likizidi watu hukikunja juu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora ndiyo iliyoongoza kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa asilimia 23. Isogeze feni hadi kama mita moja na nusu kutoka kitandani, mdomo wake usawa wa godoro, na upepo utapenya kwenye matundu. Na homa isisingiziwe joto: kichwa kikiuma na mwili ukiwa moto, kapime malaria.

Mtu akiwa na joto la mwili la nyuzi 40 au zaidi, na akachanganyikiwa, akaongea maneno yasiyoeleweka, akapata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Mwondoe nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Panado haishushi joto la namna hiyo.

Turudi kwenye tangi, maana ndiyo sehemu inayogeuza kifaa cha afya kuwa cha maradhi. Maji yaliyosimama yanamtosha mbu anayeeneza dengi, naye huchukua kama siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi mbu kamili. Mwaga maji yote kila siku tatu. Mara moja kwa wiki sugua kuta za tangi kwa brashi, kwa sababu mayai yanaganda juu kidogo ya mstari wa maji na kusuuza tu hakuyatoi. Kisha jaza, tia vijiko viwili vya jiki kwa lita kumi, acha nusu saa bila kuwasha, mwaga na suuza.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukoko mweupe kwenye sega. Hewa haipiti, feni inapiga kelele na baridi inapungua, na mtu anadhani mota imekufa. Chomoa sega, lilaze kwenye beseni lenye siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, dakika 30, kisha mwagia maji taratibu bila kusugua. Karatasi iliyolowa huchanika upesi. Siki na jiki visikutane hata kidogo, vinatoa gesi ya klorini. Maji ya bomba au ya mvua yanaongeza umri wa sega. La karatasi likitunzwa hutumika misimu miwili au mitatu, la nyuzi za mbao hubonyea mapema na kuacha pengo juu, na hewa ya moto inapita hapohapo.

Hitilafu za kawaida ni tatu. Feni inanguruma lakini inazunguka polepole, au mpaka uisukume kwa kijiti: kapasita (kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), kitu cha bei ndogo, mwambie fundi aweke yenye namba zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Feni inapuliza lakini sega ni kavu: pampu imeziba kwa chumvi au imeungua kwa kuachwa ikizunguka bila maji. Sega linaloa upande mmoja tu: feni imeinama, weka vipande vya kadibodi chini ya miguu mpaka ikae sawa. Tangi lijazwe plagi ikiwa imechomolewa, na plagi iwe ya miguu mitatu kwenye soketi yenye ethi. Umeme na maji viko sentimita chache tu mbalimbali humo ndani.

Matumizi yenyewe hayatishi. Wati 75 kwa saa nane ni uniti 0.6, yaani shilingi 214 hivi kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikifanya kazi saa hizohizo bila kupumzika kinakaribia uniti 7, zaidi ya shilingi 2,400. 

Dukani, puuza rimoti, taa za rangi na kioo cha mbele. Soma lebo: kwa chumba cha futi 10 kwa 10 tafuta mita za ujazo 500 hadi 750 za hewa kwa saa. Tangi liwe lita 10 au zaidi na liwe na kizibo cha kumwagia maji chini, vinginevyo utakuwa unaipindua feni nzima kila siku tatu. Uliza kama masega ya akiba yanauzwa hapohapo Tabora. Vile vidogo vya kuchomeka kwenye chaja ya simu, vyenye tangi la nusu lita, ni midoli. Omba feni unayoitaka ijazwe maji iwashwe dakika kumi. Sega lilowe lote mpaka kwenye kona za juu, na chini pasiwe na tone sakafuni. Duka linalokataa kuijaribu kwa maji lipite, nenda la pili.