Chagua Koo Kabla ya Tumbo: Matangi Matatu ya Pikapu ya Zamani

Karibuni tena watazamaji wangu. Hapa mezani nina matangi matatu ya mafuta, na nyuma yangu mnaiona chesisi ya Chevrolet C10 ya 1970 ikiwa uchi, bodi imenyanyuliwa. Wengi mmekuwa mkiniuliza tangi gani linafaa kwa anayeijenga upya pikapu ya zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuyafunga yote matatu kwanza, niyajaze, niendeshe, ndipo niseme. Watengenezaji sitawataja, maana leo tunapima umbo na mpangilio, na hayo mtayakuta kwenye tangi la jina lolote.

Tuanze na hili lenye kutu mabegani. Ndilo lililokuja na gari. Kwenye C10 za 1967 hadi 1972 tangi lilikaa ndani ya kebini, nyuma ya kiti, lita 75 hivi. Petroli ina uzito wa kama gramu 740 kwa lita, kwa hiyo likijaa umeegemea kilo 55 za mafuta. Kwa kujaza, hakuna linalolishinda: mdomo uko ubavuni mwa kebini, koo, yaani bomba la kutoka mdomoni hadi tangini, ni fupi na linateremka moja kwa moja, pampu inamimina bila kusita. Tatizo ni mahali lilipo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, ukivuja unatuama sakafuni, miguuni mwenu. Tazameni gasketi ya geji hapa juu. Nikiibonyeza kwa ukucha inavunjika kama gamba la yai. Gari lenye gasketi ya namna hii simpandishi mtoto wangu.

Mwaka 1973 kiwanda chenyewe kililitoa tangi kebini, kikalipeleka chini ya bodi, nje ya reli za chesisi. Hapo nako ubavu ukagongwa, na mjadala wake Marekani ulifika hadi uchunguzi wa serikali. Ndiyo maana wajenzi wengi leo wanaliweka katikati ya reli, nyuma ya ekseli, pale lilipokuwa linaning'inia tairi la akiba. Mimi pia nakubaliana na hapo, mradi liwe juu kuliko sehemu ya chini ya difu na lishikwe na mikanda ya chuma, si vipande vya bati.

Haya mawili mengine ndiyo ya kukaa hapo. Hili la kati ni la chuma kilichopakwa zinki, lita 70. Hili linalong'aa ni la alumini, lita 80, limechomelewa kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Ukiyaona dukani utalikimbilia la alumini. Hata mimi nililikimbilia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilitazama tumbo nikasahau koo.

Nasogeza kamera. Mnaona bomba la kujazia kwenye la alumini? Limetokea ubavuni, kama sentimita 12 chini ya mgongo wa tangi. Nilipolifunga, mpira wa kujazia ulilazimika kupanda juu ya reli, ukashuka upande wa pili, halafu ukapanda tena kuelekea mdomoni. Ukafanya bonde. Kila ukijaza, mafuta yanabaki bondeni kama maji kwenye bomba la sinki, na hewa iliyo tangini inakosa pa kupita. Kituoni pampu ilikuwa inakata kila baada ya lita moja au mbili. Nilisimama pale robo saa nikibonyeza na kuachia, na petroli ikanirudia mkononi.

Kwa nini inakata? Kwenye ncha ya nozeli kuna kitobo kidogo kinachovuta hewa. Mafuta au povu likikiziba, mvuto unabadilika ndani na kitasa kinaruka. Nozeli haijui kama tangi limejaa, inajua tu kwamba kitobo kimezibwa. Sasa fikirieni: Marekani kiwango cha juu cha pampu ya petroli ni galoni 10 kwa dakika, karibu lita 38. Lita 38 zikiingia, hewa lita 38 lazima itoke ndani ya dakika hiyohiyo. Kipumulio cha tangi hili la alumini ni hiki hapa, tundu la milimita 8. Haliwezi. Hewa inarudi kooni, inagongana na mafuta, povu linapanda, pampu inakata.

Tangi la chuma lina bomba la kujazia la milimita 50 mgongoni kabisa, na kando yake kipumulio cha milimita 16 kinachorudi hadi juu ya koo, karibu na mdomo. Nililijaza kwa mkupuo mmoja. Jambo jingine lililonifurahisha: bomba la kipumulio limeingia ndani kidogo, limeshuka chini ya mgongo wa tangi. Mafuta yakifika hapo, pampu inakata na nafasi inabaki juu. Nafasi hiyo inahitajika, kwani petroli inavimba kwa joto. Lita 70 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka lita moja na zaidi, na bila nafasi zitatafuta njia ya kutokea.

Kipumulio hiki cha kujazia msikichanganye na kile cha tangi kupumua wakati wa kuendesha. Hicho kinataka vali yenye kigololo cha kuziba gari likipinduka, na mpira wake upandishwe juu kuliko tangi kabla ya kuteremka, mbali na ekzosi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, amua mdomo utakuwa wapi. Nyuma ya kibao cha namba panapendeza, huoni kifuniko chochote, lakini kwenye pikapu iliyoteremshwa mdomo unakuwa chini mno na koo linakosa mteremko. Ubavuni mwa bodi panajazika vizuri, ila kukata bati lililodumu zaidi ya miaka 50 bila kiraka kunaniuma, na tairi litarusha tope kwenye mpira usipoweka kinga. Nyuma ya taa siwezi kupashauri, nyaya na mvuke vinakaribiana mno. Inabaki sakafu ya bodi, juu ya tangi lenyewe: koo la sentimita 30, limenyooka wima. Hasara yake ni kwamba ukipakia mzigo umeziba mdomo, na mvua itatafuta kuingia. Nunua kifuniko chenye kikombe na kijibomba cha kumwagia maji chini, na mdomo wenyewe uunge kwa waya hadi kwenye chesisi, maana mbao za sakafu na mpira huutenga na chuma na umeme tuli hukosa njia.

Kwa wenye injini ya injekta, pampu ya mafuta ya gari ikae ndani ya tangi. Kabureta inaridhika na shinikizo la psi 5 hadi 7, lakini V8 ya LS, injini ya injekta ya General Motors, inataka 58, na pampu ya nje kwa kazi hiyo inapiga kelele na kuchoka mapema. La chuma lina kikombe ndani kinachozuia mafuta kuikimbia pampu kwenye kona. La alumini lina ukuta mmoja tu ndani wa kuzuia mafuta kuyumba. Mpira unaozama tangini uwe umeandikwa 30R10, wa kawaida utavimba.

Geji nayo. Ya C10 hii inasoma ukinzani wa umeme wa omu 0 tangi likiwa tupu na omu 90 likijaa. Boya lililokuja na tangi la alumini, yaani kile kinachoelea ndani na kuipa geji kipimo, ni omu 240 tangi likiwa tupu, 33 likijaa. Ukiliunganisha hivyo, tangi likikauka geji itakuambia limejaa. Soma karatasi ya boya kabla ya kufunga, kwa sababu kulibadilisha baadaye ni kushusha tangi zima.

La alumini si tangi baya. Kwa gari lenye nafasi ya mdomo upande huohuo na bila reli ya kuvuka, ukiongeza kipumulio kikubwa na mpira laini chini ya mikanda ili mtetemo usipasue weldi, litakutumikia. Kwa C10 hii nachukua la chuma.

Nimeshakata kielelezo cha boksi la karatasi na kukipachika mahali pa tangi, nikashusha chesisi hadi mwisho wa springi, difu likapita bila kugusa. Mdomo nimeuchora hapa kwa penseli, karibu na lango la nyuma, upande wa kushoto, ndani kidogo ya reli. Video ijayo tunatoboa sakafu.