Semina ya Kujiamini Kazini: Lipia Mchana, Acha Asubuhi

Kampuni zinazotoa mafunzo kwa wafanyakazi zimekuwa nyingi jijini Dar es Salaam, na bidhaa kubwa wanayouza ni hotuba za kutia hamasa. Semina niliyohudhuria hivi karibuni pamoja na makeshia, watunza stoo na wahudumu wa kaunta kutoka maduka mbalimbali ilianza kwa hotuba ya namna hiyo, na kama ingeishia hapo ningemshauri mwajiri yeyote abaki na fedha zake.

Asubuhi nzima ilipita tukiitikia "Naweza!" kwa sauti. Ajabu ni kwamba mwezeshaji mwenyewe alikuwa ametuonyesha ukutani mafundisho ya Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye katika makala yake ya mwaka 1977 alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu juu ya uwezo wake: kufanya jambo ukalifanikisha, kumwona mwenzako akilifanikisha, kushawishiwa kwa maneno, na namna unavyoichukulia hali ya mwili wako, kama vile moyo kwenda mbio. Kwa Bandura, chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Sisi tukamaliza asubuhi kwenye cha tatu.

Mchana mambo yaligeuka. Tulipangwa wawili wawili, mmoja muuzaji na mwingine mteja. Keshia mmoja, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu, alipewa mteja aliyerudi na risiti yenye kiasi kilichozidi. Mara ya kwanza alitazama chini, akasema, "Subiri nimwite bosi," akanyamaza. Mwezeshaji hakumsifu wala hakumkosoa, bali alimpunguzia kazi: asome kwanza risiti kwa sauti, mstari kwa mstari, halafu aonyeshe kosa lilipo, na baada ya hapo ndipo aseme atakachofanya. Katika mzunguko wa mwisho mteja alipandisha sauti makusudi, na keshia akamjibu, "Samahani dada, sukari tumekutoza mara mbili, nakurekebishia sasa hivi," bila kugeuka kumtafuta mtu wa kumwokoa.

Nina malalamiko mawili, ukiacha joto la ukumbi (chakula kilikuwa kizuri). Kwanza, tuliahidiwa kwamba anayejiamini hashindwi na kazi yoyote. Mwaka 1998 watafiti Alexander Stajkovic na Fred Luthans walichambua tafiti 114 na kukuta kwamba imani hiyo inaendana kweli na utendaji kazini, ila uhusiano huo hupungua kadiri kazi inavyokuwa ngumu na yenye mambo mengi. Mtunza stoo ambaye hesabu zake hazilingani kwa sababu mizigo inapokelewa bila kuandikwa anahitaji utaratibu kabla ya kuhitaji ujasiri.

Pili, wasimamizi hawakualikwa, ilhali wao ndio wanaoamua kama alichojifunza keshia yule kitatumika au kitasahaulika ndani ya wiki. Kwa hiyo mwajiri anayefikiria kuwalipia watu wake aombe zoezi la mchana peke yake, amtume msimamizi wa duka akae darasani pamoja nao, na kabla hajalipa aamue keshia ataruhusiwa kumrudishia mteja kiasi gani bila kusubiri saini ya mtu mwingine.