Umeme ukikatika, ruta isizime: kifaa kipi kinafaa kununuliwa

Umeme unapokatika Dar es Salaam, mara nyingi faiba iliyo mtaani huendelea kufanya kazi, na kinachozimika ni ruta iliyo sebuleni au dukani kwako. Kabla ya kwenda kununua chochote, geuza chaja ya ruta usome maandishi yake madogo. Zilizo nyingi zimeandikwa volti 12 na ampia 1, yaani wati 12 kwa upeo, na ruta yenyewe kwa kawaida hutumia chini ya hapo.

Jambo la pili ni kuuliza wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri huhifadhi, kwa sababu namba kubwa ya mAh (miliampia-saa) iliyo kwenye boksi huwapoteza wengi. Kifaa kilichoandikwa mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri zilizo ndani, wala si kwa volti 12 zinazotoka, hivyo kina wati-saa 32 na ushei. Ukiondoa umeme unaopotea katika kupandisha volti, ruta ya wati 9 itapata takriban saa tatu.

Nafasi ya kwanza naipa UPS ndogo ya ruta, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa mtandao ukikatika, inayotoa volti 12 moja kwa moja, hasa yenye betri zilizoandikwa LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) kwenye lebo. Betri hizo huhimili joto vizuri zaidi na huweza kuchajiwa mara 2,000 au zaidi, ilhali lithiamu za kawaida huanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500. Hakikisha muuzaji anakuonyesha kuwa ina ulinzi wa kukata chaji betri ikijaa, kwani kifaa hiki hukaa kwenye soketi mchana na usiku. Angalia pia tundu unalochomeka: mengine hutoa volti 9, mengine 12, na volti zikizidi ruta huungua.

Ya pili ni UPS ya kompyuta yenye betri ya madini ya risasi. Betri yake ya volti 12 na Ah 7 (ampia-saa 7) ina wati-saa 84, lakini umeme wake hugeuzwa kuwa volti 230 kisha chaja ya ruta huurudisha kuwa 12, na kila mgeuzo hula sehemu yake. Joto ndilo adui yake mkubwa, maana umri wa betri hizi hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Nimewahi kufungua moja iliyokaa miaka miwili juu ya kabati, chini ya bati, nikakuta kuta za betri zimevimba hata haikutoka bila kukata plastiki. Hata hivyo, kwa ofisi yenye kompyuta inayohifadhi hesabu, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza iwapo ina waya wa USB, kwa sababu programu ya bure iitwayo Network UPS Tools itakuarifu umeme ukikatika, itaonyesha chaji iliyobaki, na kuizima kompyuta kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Ya tatu ni lile sanduku kubwa la betri lenye soketi na USB. Kwa ruta peke yake ni gharama isiyo na sababu, na baadhi yake hujizima yakiona mzigo ni mdogo mno. Lijaribu dukani ukiwa na ruta yako mkononi.

Ya mwisho ni betri ya sola iliyofungwa na fundi pamoja na chaja. Wakati wa kuchajiwa, betri ya risasi hufika volti 14.4, ambazo ruta nyingine haziwezi kustahimili, kwa hiyo dai kidhibiti cha volti katikati, fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya, na mahali penye hewa ya kutosha, kwa kuwa betri hizo hutoa haidrojeni zikichajiwa kupita kiasi. Fundi asipokubali matatu hayo, usimlipe.