Kozi ya bure ya aljebra ya mstari (18.06) ya chuo cha MIT, Marekani: je, inamfaa anayelenga uzamili wa takwimu?

Inamfaa sana, mradi uianze mwaka wa kwanza au wa pili, kabla ya somo la rigresheni, yaani kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine. Mihadhara ya Gilbert Strang, aliyekuwa profesa wa MIT, iko wazi kwenye MIT OpenCourseWare, tovuti ya kozi za bure za chuo hicho, pamoja na mazoezi na mitihani yenye majibu.

Thamani yake kubwa ipo mhadhara wa 15 na 16. Pale anachukua nukta tatu tu, (1,1), (2,2) na (3,2), anatafuta mstari unaozikaribia zaidi, na kupata y = 2/3 + t/2, ambapo t ni namba ya kwanza ya kila nukta. Masalio, yaani y halisi ukitoa y ya mstari, ni -1/6, 2/6 na -1/6. Yajumlishe upate sifuri. Rudia hesabu hiyo kwa mkono mpaka uone kwamba makadirio ni kivuli cha data kwenye nafasi ya safu wima za matriki (jedwali la namba). Ukilielewa hilo, nusu ya rigresheni umeshaimaliza.

Wengi hukwama kwa sababu wanatazama video bila kushika kalamu. Tazama mhadhara mmoja, funga, fanya mazoezi, ndipo ufungue majibu.

Upungufu upo. Haikupi cheti wala alama rasmi, na kamati za udahili husoma matokeo ya chuo chako, kwa hiyo somo lenyewe lisajili hapo. Uthibitisho wa kihisabati (kuonyesha kwa hoja kwa nini kanuni ni kweli) nao ni mchache: anayewaza uzamivu ahitaji pia uchambuzi wa namba halisi (somo la uthibitisho wa misingi ya kalkulasi), na asiusogeze hadi mwaka wa mwisho, maana maombi hutumwa kabla alama zake hazijatoka.